Hotpoti Haivuji Tena

Tarehe 9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Bosi sasa hivi ameigeuza hotpoti yake ya uji juu chini, akaivaa kichwani kama kofia, akatembea nayo kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati huku anacheka. Nikapiga kelele, "Wewe, uji huo!" Lakini hata tone halikudondoka. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda mchezo. Miaka miwili na nusu tu, na tayari mwanangu anajua kunikomesha.

Hujambo, kaka? Kifua kinaendeleaje? Sisi huku tuko salama, ila mama ana mafua, na baba Bosi bado yuko kule kwenye machimbo ya mawe, atarudi mwisho wa mwezi. Kuku wako mwenye kilemba ametotoa saba. Mama anakuombea kila asubuhi mpaka chai inapoa, nikimwambia inywe anasema Mungu hapendi kukatizwa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako ilikufa siku ile ile ya shambani, ikiwa mfukoni. Na ile mara nesi alipokuazima yake, uliongea maneno manne ukaanza kukohoa, mama akalia hadi jioni. Dereva wa lori la maziwa anapita mbele ya hospitali hiyo Jumanne na Ijumaa. Amesema atamwachia mlinzi. Ni mtu mwema ila ana kichwa cha kusahau, kwa hiyo barua ikichelewa usinilaumu mimi.

Kaka, wanakupa dawa gani? Hapa zahanati walisema tu kwamba sumu ya magugu haina mchezo, wakaita gari ukaenda. Nataka kujua kila kitu. Usijibu kama inakuchosha. Lakini jibu.

Bomba lako la mgongoni la kupigia dawa nimeliweka nyuma ya nyumba juu ya matofali, nimelifunika. Hakuna anayeligusa.

Ni mimi, mdogo wako.

Tarehe 21 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka maziwa. Mlinzi aliniletea mpaka kitandani, wagonjwa wenzangu wakadhani ni ya mapenzi, nikawaacha wadhani hivyo hivyo.

Mwambie mama nakula. Tena nakula kupita kiasi. Hizi dawa za kutuliza moto wa mapafu zinanipa njaa ya watu watatu, na uso umevimba umekuwa duara. Ukiniona utasema nimenenepa kwa raha. Siku tatu za mwanzo walinitundikia dripu, sasa ni vidonge. Kuna nyingine ya kuuzuia mwili usijipige wenyewe. Hiyo ndiyo ilinitapisha mpaka nikaitukana ndoo.

Daktari wangu ni mama mmoja mfupi, anatembea kama anayewahi basi. Amenichorea mapafu kwenye karatasi. Anasema dawa ile ya magugu ikishaingia mwilini inakimbilia mapafuni, inayaunguza, na mahali palipoungua panaweka kovu, na kovu halivuti hewa. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mtalifuta?" Akasema, "Halifutwi. Tunajaribu kulizuia lisitambae. Kwa wengine tunafanikiwa, kwa wengine hatufanikiwi." Nimempenda kwa sababu hanidanganyi, ila siku nyingine natamani anidanganye kidogo.

Sasa sikia kichekesho. Mzee wa kitanda cha pili ana mtungi wa hewa, anapumua kama mfalme. Mimi nimenyimwa. Nilidhani wananionea. Kumbe kwa sumu hii hewa ya mtungi inauchochea ule moto, kwa hiyo wanaiweka akiba mpaka ikosekane njia nyingine. Basi nalala namtazama mzee na mtungi wake kama mtoto anayemtazama mwenzake akila pipi.

Kinachoniuma ni ujinga wangu. Miaka sita nabeba bomba. Siku ile kwenye shamba la mwenye kinu mgongo ulikuwa umeloa tangu asubuhi, nikadhani jasho. Jasho! Hadi saa nane ngozi ilipoanza kuwaka ndipo nikavua shati, na dawa inatiririka mpaka kwenye suruali. Na mpira wa mfuniko nilikuwa nimeubadilisha wiki ile ile. Yule muuza pembejeo kaniuzia takataka. Mwambie nikitoka hapa ana maelezo ya kunipa.

Halafu hotpoti ya Bosi imepona lini? Si ndiyo ile iliyokuwa inamwaga uji kwenye mkoba wako?

Msalimie Fundi. Mbona mchumba wangu huyo haniandikii?

Kaka yako.

Tarehe 3 Machi

Kaka,

Nimemsomea mama barua yako mara tatu, akataka ya nne. Pale kwenye ndoo alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akafuta macho. Bosi amejifunza kusema "mapafu," ila anasema "mafapu," na kila anayekuja anamwonyesha yake tumboni.

Mafua ya mama yamekwisha. Vifaranga wamebaki watano, kunguru kachukua wawili. Baba Bosi kaleta sabuni na viatu vya mtoto, vikubwa, anasema atakua.

Kaka, hizo dawa zimeze zote, hata zikikutapisha. Mimi nina imani. Nimeshamwambia Mungu kwamba mapafu yako ni ya kazi, si ya kuchorwa kwenye karatasi. Kuna mama mmoja pale kisimani mtoto wake alilazwa kwa kifua miezi minne na sasa anapiga filimbi. Sijui kama ni ugonjwa wako, lakini anapiga filimbi kweli, nimemsikia.

Fundi ana kazi nyingi. Ni msimu wa sare za shule, unajua. Nilipita dukani kwake alikuwa ameinamia cherehani, tukasalimiana tu.

Kwa muuza pembejeo sijafika. Mwache kwanza, kaka. Usijitie hasira, hasira inakula pumzi. Huenda hata si yeye.

Mtoto analia, naishia hapa.

Mdogo wako.

Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa mbali. Si mbali kwa miguu. Wiki mbili hizi sikuweza hata kuinuka kunywa maji bila kupumzika katikati. Wakaniwekea mtungi kidogo, kwa kipimo, daktari mwenyewe akisimamia. Mzee wa kitanda cha pili akanipungia mkono, akasema, "Karibu kwenye ufalme." Siku nne baadaye yeye akaondoka duniani. Basi, tuyaache hayo.

Sasa nimeanza dawa mpya, ya kulikaba lile kovu. Ni kapsuli, mara tatu kwa siku, lazima niwe nimekula. Nikikaa juani ngozi inakuwa nyekundu, kwa hiyo natembea korido upande wa kivuli kama mwizi. Kila Alhamisi wananibana kidole kwa kifaa cha kupima hewa, natembea dakika sita huku kijana ananipimia umbali. Mara ya kwanza mita mia moja na kumi. Jana mia moja na sitini. Mwambie mama, hiyo ni habari njema.

Lakini kuna jambo, na nimelizungusha nione kama litaondoka lenyewe, halijaondoka. Kapsuli zangu sipewi mkononi kama wengine. Nesi anasimama hapa, ananitazama nikimeza, halafu anasema, "Fungua mdomo." Nafungua. "Inua ulimi." Nainua. Mtu mzima na ndevu zangu, nainua ulimi kama mtoto wa shule aliyeiba sukari.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Faili linasema ulikunywa sumu."

Sikunywa. Wewe unajua sikunywa. Nikamwambia daktari, akaniangalia mgongo tena, akasema mgongo ni kweli umeungua, lakini vyote viwili vinawezekana, na maelezo yalitoka kwa aliyenipeleka zahanati. Kwa sababu hiyo hawawezi kuniruhusu nirudi nyumbani na kopo zima la dawa mpaka wajiridhishe kwamba sitajidhuru. Kila wiki anakuja bwana mmoja mpole kuniuliza kama nimechoka kuishi. Namwambia nimechoka kuulizwa.

Aliyenipeleka ni wewe. Mama alikuwa kwa shangazi. Walikuuliza nini pale, na ulisema nini?

Kaka yako.

Tarehe 4 Aprili

Kaka,

Mita mia moja na sitini! Nilimbeba Bosi nikazunguka naye nyumba nzima. Nimepima kwa hatua, ni kutoka kwetu mpaka kwenye kinu na kurudi nusu. Unaona dawa inavyofanya kazi? Nilikwambia.

Mvua imeanza. Paa linavuja pale pale pa siku zote, tumeweka sufuria. Bosi ameota jino la nyuma, ameniuma kidole kunijulisha.

Kuhusu zahanati, sikumbuki vizuri, kaka. Palikuwa na watu wengi, na wewe ulikuwa umelala kwenye benchi unatapika. Waliuliza mambo mengi kwa haraka. Manesi nao wanaandika wanavyojua wao. Usiumize kichwa kwa sasa, wewe pona kwanza.

Nimekutumia soksi.

Mdogo wako.

Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Soksi nimezivaa. Ahsante.

Dereva wa maziwa ameniletea mzigo mwingine, haukutoka kwako. Ni lile shati Fundi alilokuwa ananishonea. Mkono mmoja umeshonwa, wa pili umewekwa juu umekunjwa, na pini zake bado zimo. Na karatasi: "Watu wanakuja dukani kama wanaleta kitambaa, kumbe wanakuja kunitazama. Wananiuliza nilikukosea nini mpaka ukanywa sumu. Nami nakuuliza hivyo hivyo, nilikukosea nini?"

Kwa hiyo si manesi tu. Huko nyumbani wote wanajua nilikunywa, isipokuwa mimi niliyekunywa. Na wewe unaniambia habari za sare za shule.

Sikuulizi ili nikulaumu. Nataka kujua neno lilitoka mdomoni mwa nani. Natembea mita mia mbili na ishirini sasa, daktari anasema mwezi ujao naweza kutoka na kumezea dawa nyumbani, kama si hilo neno. Nitakuwa nimekaa hapa nafungua mdomo mpaka lini?

Usinitumie soksi tena. Nitumie jibu.

Kaka yako.

Tarehe 28 Aprili

Kaka yangu,

Leo sianzi na Bosi.

Nimeandika barua hii mara tano na zote nimezitia moto. Hii ya sita nitampa dereva kabla sijaisoma, maana nikiisoma nitaichoma.

Jumapili ile, kabla ya ile Jumatatu ya shamba la mwenye kinu, nilikuwa natayarisha vitu vya kliniki ya mtoto. Ulijua hotpoti ilikuwa inavuja, kila nikifika kliniki mkoba mzima ni uji, wenzangu wanacheka, mmoja aliniita Mama Mkoba Mtamu. Basi nikaona bomba lako limening'inia ukutani, safi, umeliosha, na mpira mpya kwenye mfuniko, mwekundu. Nikaujaribu tu. Ukaingia kwenye hotpoti kama umetengenezewa. Nikasema naazima, nikirudi kliniki Jumatatu jioni narudisha. Ulikuwa umesema unakwenda kupiga dawa Jumanne. Niliuchemsha kwanza, naapa, ingawa ulikuwa haujagusa dawa bado.

Na ili mfuniko usionekane uko wazi, nikarudishia ule wa zamani uliopasuka, uliokuwa kwenye msumari. Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea, kaka. Kama ningeuacha mfuniko mtupu ungeona. Nilirudishia ule mbovu ili usinigombeze.

Mwenye kinu akakuita asubuhi ile, ukaondoka sijaamka. Mimi nikaenda kliniki na hotpoti mkobani. Haikuvuja. Nilikuwa nafurahi njia nzima. Saa ile mimi nafurahi, wewe dawa inakutiririka mgongoni.

Ulivyorudi ukasema "bomba limenimwagia," nikajua palepale. Nikafua shati lako wakati umelala. Nikauchukua ule uliopasuka nikauzika kwenye jalala. Siku ya tatu ulipoanza kushindwa kumeza ndipo nikakupeleka. Siku tatu, kaka. Nilikuwa nangoja upone mwenyewe ili lisijulikane.

Zahanati, dirishani, nesi aliuliza, "Amekunywa au imemmwagikia?" Nyuma yangu benchi limejaa, majirani wote masikio wazi. Nikajua nikisema imemmwagikia atauliza ilimmwagikiaje. Nikanyamaza. Akasema tena, kwa sauti ya juu, "Dada, nakuuliza, amekunywa?"

Nikainamisha kichwa. Akaandika.

Nilidhani ni neno tu, na dawa itakuwa ile ile. Sikujua neno litakaa kwenye faili likusubiri. Sikujua litakwenda dukani kwa Fundi. Na barua zako, kila nikimsomea mama, habari za mgongo na za kunywa naziruka.

Ile hotpoti naiosha kila siku na kila siku nauona mpira wako. Siwezi kuutoa na siwezi kuuacha.

Unisamehe kama unaweza. Na kaka, nakuomba, usimwambie mama.

Mdogo wako.

Tarehe 26 Mei

Nilisoma mpaka pale uliposema ulikuwa unafurahi njia nzima, nikaikunja barua, nikaiweka chini ya godoro siku tatu. Kisha nikaimaliza.

Nilikuandikia matusi. Kurasa mbili. Sikuzituma kwa sababu pumzi iliisha kabla ya matusi, na nesi akaja kunipima moyo. Kwa hiyo shukuru mapafu yangu.

Sasa nisikilize. Mpira nakusamehe. Tena mpira si wako peke yako. Kazi yetu hii, kabla hujabeba bomba unalijaza maji matupu, unalitikisa, unaliinamisha uone kama linamwaga. Ni jambo la dakika moja. Siku ile sikulifanya, nilimwonea haya mwenye kinu aliyekuwa amesimama ananingoja. Halafu nikaona mgongo umeloa, nikaendelea ili asiseme mimi mvivu. Hilo ni langu, nami nimelificha, nikamsingizia muuza pembejeo mbele ya wodi nzima. Kwa hiyo kwenye haya tuko wawili.

Lakini kichwa ulichoinamisha ni chako. Hicho siwezi kukubebea.

Nilimwonyesha daktari barua yako. Akaisoma amesimama, mara ya kwanza kumwona amesimama tuli. Akasema barua ya ndugu haitoshi kuondoa maelezo kwenye faili. Zahanati walioandika ndio waandike marekebisho, na aliyetoa maelezo aende mwenyewe aseme. Wakishaandika, nitapewa kopo langu na tarehe ya kurudi kupimwa.

Basi nenda. Dirisha lile lile. Useme kwa sauti watu wa benchi wasikie, kwa sababu na wao walisikia. Kabla ya hapo nenda kwa Fundi. Na kabla ya Fundi, mama. Usiniambie nisimwambie mama. Mwambie wewe.

Mita mia mbili na tisini. Nilikuwa nimekusudia nisikwambie, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Mbusu Bosi.

Tarehe 6 Juni

Kaka,

Nakuandikia kwenye benchi la zahanati, karatasi iko juu ya goti, kwa hiyo usicheke mwandiko. Bosi amekaa pembeni yangu na sasa hivi amekunywa uji wote, akaniomba nimfungulie hotpoti, akautoa mpira mwenyewe na kuuvaa mkononi kama bangili. Anaunyoosha mkono watu wauone. Nimemwacha. Nilikuja nao makusudi, nimwonyeshe nesi.

Mama nilimwambia juzi, mchana, tukiwa tunachambua mchele. Nilimwambia nikiutazama mchele. Akainuka, akaichukua hotpoti, akaifungua, akaupitisha kidole kwenye mpira mzunguko mzima. Nikadhani ataitupa nje. Akaiosha, akaifuta, akairudisha kabatini. Kisha akasema, "Tangu Februari namwomba Mungu amsamehe mwanangu kwa alichofanya. Kumbe nilikuwa namsingizia mbele ya Mungu." Jana asubuhi akasema, "Kesho tunakwenda wote." Amekaa hapa kushoto kwangu. Ameshika mkoba wangu kwa nguvu kama naweza kukimbia.

Kwa Fundi nilikwenda peke yangu. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua uso. Nikasema yote. Akasema, "Rudia, mashine inapiga kelele." Kaka, mashine ilikuwa haijawashwa. Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo hakunywa." Nikasema hakunywa. Akasema, "Miezi minne nimekaa na watu wananihesabu pumzi, na wewe unapita hapo nje unanisalimia, shikamoo dada, habari za kazi." Mkasi ulikuwa mkononi mwake na ungenichoma nisingeshangaa. Nilipofika mlangoni akaniita. Nikageuka. Akasema, "Shati liko wapi?" Nikasema, "Analo yeye, hospitali." Akaendelea kukata. Basi.

Lakini amekuja. Sikumwomba. Yuko mwisho wa benchi, utepe wa kupimia bado uko shingoni, hatutazami. Bosi amekwenda kumwonyesha bangili, naye ameishika.

Kwa muuza pembejeo nilipita pia asubuhi. Akasema, "Mimi nilidhani kaka yako ananichukia bure." Nikamwambia, "Kweli, alikuwa anakuchukia bure." Akacheka, lakini si sana.

Kaka, benchi limejaa. Mama wa pale kisimani yupo na mwanawe wa filimbi. Yule aliyeniita Mama Mkoba Mtamu yupo. Mke wa mwenye kinu yupo, mguu umevimba. Ni kama wameitwa. Na nesi ni yule yule, kalamu ile ile ya kijani. Sijui kwa nini, naona kama nitafika. Ni hatua nane kutoka hapa mpaka dirishani, nimezihesabu. Wewe ulitembea mita mia mbili na tisini na mapafu yenye kovu, mimi nishindwe hatua nane?

Ukirudi nimeshakutayarishia kona ya kivuli nyuma ya nyumba, ili dawa isikuunguze juani. Bomba nimelitoa pale. Kopo lako la kapsuli litakaa kabatini, juu, Bosi asifikie, na hakuna atakayekwambia ufungue mdomo. Nimefanya mazoezi ya maneno yangu jikoni, nitaanza hivi: Nesi, mwezi wa pili uliniuliza swali mbele ya watu hawa nami sikujibu, nimekuja kulijibu, kaka yangu hakunywa, mimi ndi

Wameniita. "Dada wa mpiga dawa, dirishani!" Mama ameshasimama, na Fundi naye anasimama.